Ghala Kujaa Si Mtu Kushiba

Mwaka 1943 jimbo la Bengali nchini India, lililokuwa chini ya Waingereza, lilikumbwa na njaa iliyoua watu kati ya milioni 2 na milioni 3. Mtoto wa miaka tisa, Amartya Sen, aliwaona wenye njaa wakipita kwao wakiomba chakula. Wazee wake wakamruhusu kuwagawia mchele kwa kipimo cha kopo la sigara.

Mtoto huyo alikuja kuwa profesa wa uchumi, akasomesha Delhi, London, Oxford na Harvard, na mwaka 1998 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli. Katika kitabu chake cha mwaka 1981 alizipekua upya hesabu za Bengali. Akaona kuwa chakula cha mwaka 1943 kilipungua kwa asilimia 5 tu chini ya wastani wa miaka mitano iliyotangulia, na kilizidi kile cha mwaka 1941, mwaka usiokuwa na njaa. Wapo wataalamu waliozibishia hesabu hizo za mavuno. Lakini hoja yake kuu imesimama. Vita vilipandisha bei ya mchele, na ujira wa kibarua wa shamba ukaachwa nyuma. Wavuvi walikuwa miongoni mwa walioangamia zaidi, kwani mwaka 1942 wakoloni walikuwa wamewanyang'anya watu wa pwani vyombo vyao kwa kuwahofia Wajapani.

Sisi watu wa visiwani hatuna budi kulizingatia jambo hili. Mchele wetu mwingi huja kwa meli. Meli inaposhusha, afisa huandika: "Chakula kipo." Ni kweli kipo, lakini kipo kwa nani? Kilo inauzwa kwa bei gani, na mvuvi ambaye dau lake limefungwa na upepo wa kusi ana nini mkononi? Mkulima wa karafuu anakula nini msimu ukiwa bado mbali?

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tangu chuoni tulifunzwa kwamba shibe haina radhi jirani akilala na njaa. Basi tunasema: taarifa za kila shehia zisiishie kwenye idadi ya magunia. Ziandikwe pia bei ya sokoni, kipato cha siku, na nyumba ambazo jiko halikuwashwa. Kiongozi asiyezijua hesabu hizo hajaijua hali ya wananchi wake, hata akishika funguo za maghala yote.