Nilimla Kambare na Mayai Yake

Ukitaja Mang'ola, watu wa Karatu wanafikiria vitunguu tu. Hata mimi nilikuwa hivyo, mpaka nilipoteremka huko wakati wa masika kumwona shemeji yangu, mvuvi wa Ziwa Eyasi.

Ziwa lile lina vituko, msomaji wangu. Maji yake ni ya magadi, kina chake kifupi, na hakuna mto unaoyatoa. Kiangazi kikikaza, ziwa hurudi nyuma. Miaka mingine hubaki vumbi jeupe, na shemeji hugeuka kibarua wa vitunguu. Mvua zikichapa, Mto Sibiti hujaza, na perege na kambare wanaonekana tena.

Kambare ndiye mjanja. Ana kiungo cha kuvutia hewa, hivyo huvumilia topeni wakati wenzake wanakata roho. Masika yakianza hupanda vijito kutaga mayai. Hapo ndipo anapotegwa!

Shemeji alinasa mmoja, tumbo limetuna. Nikamwambia, "Shem, huyu si ungemwacha akatage?"

Akacheka. "Nikimwacha mimi, jirani atamvua. Madaftari ya watoto utanunua wewe?"

Nikanywea. Usiku kambare yuleyule akaletwa na ugali. Nikala mpaka nikalamba vidole, aibu yangu!

Lakini shemeji alisema kweli: mmoja akiacha peke yake, anajinyima bure. Wavuvi wote wangekaa kikao, wakakubaliana kuviacha vijito wiki chache tu za masika, nani angepata hasara? Wasipokubaliana, jembe la vitunguu linawasubiri.