DAWA HII IMETHIBITISHWA NA NANI?
Namna kikundi chenu kinavyoweza kutumia maktaba ya chuo kikuu

Siku ya soko mtu anakuja na gari na kipaza sauti. Anauza unga wa majani ya kutibu ugonjwa wa sukari. Ana karatasi iliyoandikwa, "Imethibitishwa na utafiti." Watu wananunua. Wengine hata wanachukua pesa za mzunguko wa kikundi.

Hapa hasara si pesa peke yake. Mgonjwa wa sukari akiacha dawa za hospitali kwa sababu ya unga huo, sukari inapanda mwilini. Macho, figo na miguu huharibika. Na yule anayeishi kwa sindano za insulini akiziacha, anaweza kufa kwa siku chache tu.

Basi, ndugu zangu, tusimgombeze muuzaji. Tumwulize: Utafiti upi? Ulifanywa na nani, wapi, na kwa watu wangapi?

TUJIFUNZE KWA MIFANO MIWILI

Mwaka 1990 Kenya nzima ilisikia habari za Kemron. Watafiti wa KEMRI walitangaza kwamba inawasaidia sana wagonjwa wa UKIMWI. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini utafiti ule wa kwanza haukuwa na kundi la pili la kulinganisha. Baadaye, huko Uganda, wagonjwa waligawanywa: wengine wakapewa dawa yenyewe, wengine kidonge kisicho na dawa ndani. Matokeo yalitolewa mwaka 1993. Waliopata dawa hawakuwa na nafuu kuliko wale wengine.

Mfano wa pili ni neti zilizotiwa dawa ya mbu. Miaka ya 1993 hadi 1995, huko Kilifi, vijiji vingine vilipewa neti na vingine vikangoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996: katika vijiji vyenye neti, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa karibu asilimia 33. Nchi nyingine za Afrika zilipima neti pia, nazo zikaona watoto wanaokoka.

Mnaona tofauti? Jambo la kweli likipimwa tena na watu wengine, linasimama. La kubahatisha linaanguka.

MAKTABA INA NINI?

Watafiti wakimaliza kazi huandika makala katika majarida ya kitabibu. Jarida zuri halichapishi makala mpaka wataalamu wengine waikague. Majarida mengi ni ya bei ghali, mtu wa kawaida hawezi kuyanunua. Lakini maktaba za vyuo vikuu huyapata. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango uitwao Hinari, ili vyuo na hospitali za nchi zisizo na uwezo mkubwa zisome majarida hayo bure au kwa bei nafuu. Namba za siri za kuingilia hupewa taasisi, si mtu binafsi. Ndiyo sababu tunahitaji maktaba.

HATUA ZA KUFUATA

1. Andikeni swali moja lililo wazi. Msiseme, "Tunataka habari za sukari." Semeni, "Je, majani haya yanapunguza sukari kwa watu wazima kuliko dawa za hospitali?"

2. Tafuteni jina la kitaalamu la mmea au dawa. Afisa wa kilimo au wa kliniki anaweza kuwasaidia.

3. Chagueni mtu wa kwenda. Pengine kuna kijana wa kijiji anayesoma chuoni. Huyo tayari ana kadi ya maktaba. Kama hayupo, pelekeni barua ya kikundi na mwulize kwanza masharti ya wageni. Vyuo vingine hutoza ada kidogo.

4. Mwoneni mkutubi. Msione haya! Kazi yake ni kusaidia watu kutafuta.

5. Asiyeweza kusafiri anaweza kuanza kwa simu yenye intaneti. PubMed, ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, ina orodha ya makala zaidi ya milioni 35, na nyingi zina muhtasari wa kusoma bure. Cochrane nao hukusanya tafiti nyingi za swali moja na kuzipima pamoja.

MKIISHAPATA MAKALA

Nyingi ni za Kiingereza kigumu, kwa hiyo someni na mwalimu au mwuguzi. Angalieni haya: Ilikuwa ni watu au panya? Walikuwa wangapi? Kulikuwa na kundi la kulinganisha? Nani alilipia utafiti? Je, wengine wamepata matokeo hayo hayo?

Tena, ulizeni kama makala haijaondolewa. Mwaka 1998 jarida kubwa la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala iliyowafanya wazazi waogope chanjo ya surua. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta. Mpaka leo kuna watu wanaoitaja kama ni kweli.

Na jambo la mwisho: makala si daktari. Usiache wala kubadilisha dawa kwa sababu ya karatasi, hata ikiwa imetoka chuo kikuu. Ichukueni mwende nayo kliniki, mzungumze na anayewatibu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Ni dawa gani zinazouzwa sokoni kwetu kwa maneno "imethibitishwa"?
- Nani kati ya watoto wetu yuko chuoni, na tutamwomba atafute swali gani kwanza?
- Jibu likija, tutawaelezaje wazee wasiosoma Kiingereza?