Kijana wako apiga video? Jua fedha hutoka wapi

HUENDA nyumbani kwako yumo kijana ambaye kila jioni hujifungia chumbani na simu, akizungumza peke yake kama mtu aliyepagawa. Ukimwuliza ana nini, hukujibu kwamba ameanzisha blogu ya video na kwamba hivi karibuni ataanza kulipwa kwa dola. Nawe mzazi hucheka kimoyomoyo, kisha ukamkumbusha mtihani wa hesabu.

Usicheke sana. Wapo watu wanaolisha familia kwa kazi hiyo. Lakini pia usimwache aamini kwamba fedha humiminika kutokana na matangazo yanayochomoza katikati ya video. Hapo ndipo wengi hupotea njia.

YouTube haimlipi kila mtu anayeweka video. Tangu mwaka wa 2018, anayetaka kugawiwa fedha za matangazo ya video ndefu sharti awe na wafuasi 1,000 waliojisajili, na video zake ziwe zimetazamwa kwa jumla ya saa 4,000 katika muda wa miezi 12. Hebu chukua kalamu upige hesabu. Ikiwa kila anayefungua video hukaa dakika nne kisha akaenda zake, saa hizo 4,000 zitataka video zifunguliwe mara 60,000. Akishavuka kizingiti hicho, mwenye video hupata asilimia 55 ya fedha za matangazo, na kampuni hubaki na 45.

Je, wale waliofanikiwa walifanyaje kabla ya hapo, au hata baada yake?

Mnamo Januari 1, 2007, ndugu wawili Wamarekani, John na Hank Green, walianza mchezo wa ajabu. Waliwekeana ahadi kwamba kwa mwaka mzima hawataandikiana hata neno moja. Mwenye la kusema alilisema mbele ya kamera, kila mmoja kwa zamu yake, na watu wasiowajua wakawa wanasikiliza. Kutokana na mchezo huo, mwaka wa 2012 walizindua Crash Course, masomo ya video ya historia na baiolojia ambayo huenda wewe mwanafunzi umewahi kuyadurusia mtihani.

Masomo hayo yalianza kwa fedha zilizotolewa na YouTube yenyewe. Fedha za namna hiyo zina mwisho. Ndugu hao waliliona hilo, na mnamo 2013 wakaunda chombo chao walichokiita Subbable. Mtazamaji aliahidi kutoa kiasi kidogo kila mwezi, lakini video zikabaki bure kwa asiye na kitu.

Mwaka uo huo mwanamuziki mmoja wa California, Jack Conte, alikuwa ametumia takriban dola 10,000 kutengeneza video ya wimbo wake mmoja tu. Alijua vyema kwamba matangazo hayangemrudishia fedha hizo, hata watazamaji wawe wengi vipi. Akamwendea Sam Yam, rafiki aliyesoma naye Chuo Kikuu cha Stanford, na mnamo Mei 2013 wakaanzisha Patreon, ambako mashabiki humlipa msanii moja kwa moja.

Sisi Wakenya hatuna haja ya kufafanuliwa sana jambo hili, kwa maana tumelelewa na harambee. Kuna vyombo vya mtandaoni vilivyo kama harambee yenyewe: Kickstarter, kwa mfano, iliyoanza 2009, hukutaka utaje kiasi unachohitaji, na usipokifikia, hakuna anayekatwa hata senti. Bahati mbaya Kickstarter haimsajili mwenye mradi aliyeko Kenya. Hapa kwetu ipo M-Changa, iliyoanza 2012, ambapo mchango hutumwa kwa M-Pesa. Hiyo inafaa kwa jambo la mara moja, kama kununua kamera.

Lakini blogu ya video si jambo la mara moja. Kila wiki kuna bando la intaneti na nauli. Kwa hivyo mimi naona mtindo wa Patreon, ambao unafanana zaidi na chama cha kila mwezi, ndio unaomfaa mwenye kudumu. Watu 50 wakitoa shilingi 100 kila mmoja, hizo ni shilingi 5,000 kwa mwezi kabla ya makato, na kuwapata watu 50 wanaokupenda kweli ni rahisi kuliko kuwapata 60,000 wapita njia. Malipo unaweza kuyapokea kupitia PayPal, na kutoka huko ukayahamishia M-Pesa. Wanaotoa watajwe majina mwishoni mwa video, au waione siku moja kabla ya wengine. Usiwaahidi fulana! Fulana hugharimu fedha na kuipeleka posta ni gharama nyingine.

Na mtoa kidogo asidharauliwe. Desemba 2017, Patreon ilitaka kuwaongezea wafadhili makato ya asilimia 2.9 na senti 35 kwa kila ahadi. Aliyekuwa akitoa dola moja ndiye aliyeumia zaidi. Wengi walijiondoa, wasanii wakapiga kelele, na baada ya wiki moja hivi kampuni ikaufuta mpango huo na kuomba radhi.

Upande wa kazi yenyewe gharama ni ndogo kuliko unavyodhani. OBS hurekodi kilicho kwenye kompyuta na Audacity husafisha sauti, zote bure, na DaVinci Resolve ya kuhariri picha ina toleo lisilolipiwa. Fedha ya kwanza ikipatikana, nunua maikrofoni kabla ya kamera. Mtu huvumilia picha hafifu, ila sauti mbovu humfukuza. Muziki chukua katika maktaba ya sauti ya YouTube, kwani ukitumia wimbo wa mwenyewe bila idhini waweza kupewa onyo la hakimiliki. Maonyo matatu katika siku 90 huweza kukufungia chaneli yote.

Sasa wewe mzazi. Akaunti ya AdSense inayopokea fedha za matangazo haiwezi kuwa ya mtoto aliye chini ya miaka 18, kwa hivyo utahusika upende usipende. Mapato yakifika dola 10, barua yenye nambari ya siri hutumwa kwa posta, basi hakikisheni sanduku lenu la posta limeandikwa sawasawa. Malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Ijazeni fomu ya kodi ya Marekani pia. Tangu Juni 2021 Google hukata kodi kwa fedha zinazotokana na watazamaji walio Marekani, na asiyejaza fomu anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote. Hapa nyumbani, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali.

Kuna jambo moja ambalo vijana hulipuuza mno. Vyombo hivi hufa. Subbable iliuzwa kwa Patreon mnamo Machi 2015, kwa kuwa huduma ya malipo iliyoitegemea ilikuwa ikifungwa. Agosti mwaka huo Blip, tovuti iliyokuwa ikihifadhi vipindi vya watengenezaji wa kujitegemea tangu 2005, ilifunga milango, na ambaye hakuwahi kuhamisha kazi yake akaipoteza.

Basi jioni ya leo mwulize kijana wako video yake ya kwanza kabisa iko wapi. Akikuonyesha YouTube peke yake, mtafutie diski ya nje ya kuhifadhia nakala, na daftari la kuandikia anwani za wale watu wake 50.