Araukaria: Mti wa Chile na Argentina unaodai subira ya vizazi

Sheria imeusaidia mti wa araukaria kuepuka shoka na msumeno, lakini misitu yake katika nchi jirani za Chile na Argentina bado imo hatarini. Mti mzima unaweza kuishi zaidi ya miaka 1,000. Ugumu ni kupata wa kuurithi.

Jamii ya araukaria ina aina kadhaa duniani. Ile ya Chile na Argentina huota kwa asili katika nchi hizo mbili tu, kwenye miteremko ya milima ya Andes na katika eneo dogo la milima ya Nahuelbuta, karibu na pwani ya Chile. Hufikia urefu wa mita 40 au zaidi, na majani yake ni magumu, yenye ncha kali, yamepangana kama magamba. Katika jimbo la Neuquén, Argentina, mti huu umo kwenye nembo ya jimbo.

Kwa Wapehuenche, ambao ni sehemu ya jamii ya Wamapuche, mti huu ndio asili ya jina lao: pehuén ni araukaria, na che ni watu. Mbegu zake huchemshwa, hukaangwa au husagwa kuwa unga, na kwa karne nyingi zimekuwa akiba ya kuvukia majira ya baridi.

Sheria ilipofika na ilipokomea

Kwa miaka mingi araukaria ulikatwa kwa ajili ya mbao zake zilizonyooka. Chile iliutangaza kuwa mnara wa asili mwaka 1976, ikalegeza ulinzi huo mwaka 1987, kisha ikaurejesha mwaka 1990 baada ya Wapehuenche kupinga ukataji katika ardhi zao. Upande wa Argentina, sehemu ya misitu hiyo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Lanín, iliyoanzishwa mwaka 1937. Mkataba wa CITES nao unazuia biashara ya kimataifa ya miti ya mwituni ya aina hii.

Hata hivyo, sheria haizuii ukame wala moto. Mwezi Machi 2015, moto uliteketeza maelfu ya hekta ndani na kando ya hifadhi ya China Muerta nchini Chile. Mapema mwaka 2025, moto mwingine uliikumba Hifadhi ya Lanín. Gome nene huuwezesha mti mkubwa kunusurika na hata kuchipua tena, lakini miche michanga haina kinga hiyo.

Safari ndefu ya mbegu

Kwa kawaida araukaria huwa dume au jike, na upepo ndio unaobeba chavua. Koni ya mti jike huchukua takriban miaka miwili kukomaa, nayo hubeba mbegu 100 hadi 200, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita tatu hadi tano. Mti huweza kupita miaka 30 kabla ya kutoa koni ya kwanza. Baada ya hapo mavuno hupanda na kushuka: mwaka mmoja mbegu hujaa chini ya miti, mwaka mwingine huwa haba.

Zinapoanguka, kati ya Februari na Mei, walaji ni wengi. Kasuku na panya wa mwituni wamezila tangu zamani. Siku hizi wameongezeka ng'ombe, mbuzi na nguruwe mwitu walioletwa kutoka nje, pamoja na waokotaji wanaozipeleka sokoni. Mahali ambapo kila mbegu huokotwa au huliwa, msitu hubaki na wazee bila watoto.

Namna ya kuotesha na kutunza

Kuotesha araukaria kitaluni hakuhitaji mitambo. Kwanza, mbegu iwe mbichi na nzito. Inayoelea majini mara nyingi ni tupu. Mbegu hii hufa ikikauka, hivyo huhifadhiwa mahali penye baridi na unyevu. Kabla ya kupandwa hulowekwa kwa siku moja, kisha huchomekwa kwa mshazari, ncha nyembamba ikiwa chini, kwenye mchanganyiko wa udongo na mchanga usiotuamisha maji. Kuota huchukua wiki kadhaa, pengine miezi.

Pili, chombo kiwe kirefu, kwa kuwa mzizi mkuu hushuka mapema na haupendi kukunjwa. Mche huhitaji kivuli chepesi mwanzoni na jua zaidi unapokua. Maji yanayotuama huozesha mizizi.

Tatu, uzio ni muhimu kama maji, kwani mbuzi mmoja huweza kumaliza kazi ya miaka mitano kwa dakika chache. Ncha ya juu isikatwe, maana ndiyo inayoupa mti umbo lake. Miche ipandwe kadhaa pamoja, kwa sababu hakuna ajuaye upi ni dume na upi ni jike hadi koni zitokeze. Aidha, ni vyema mbegu zirudishwe karibu na zilikookotwa: miti ya mashariki, upande mkavu wa Argentina, imezoea mvua chache kuliko ya magharibi.

Ndugu yake katika bustani zetu

Wakazi wa miji ya Afrika Mashariki wanamfahamu ndugu wa mti huu: araukaria wa kisiwa cha Norfolk, unaopandwa kama pambo kwenye bustani na vyungu. Huo huvumilia joto na upepo wa bahari. Anayetaka kuuzalisha atumie mbegu au ncha ya shina kuu. Tawi la pembeni likitoa mizizi, litaendelea kukua kwa kulala ubavu, kana kwamba bado ni tawi.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Kwa araukaria wa Andes, mlaji huenda akawa mjukuu wa mvumilivu. Mwanafamilia anayeacha sehemu ya mbegu chini ya mti jike, na mfugaji anayezuia mifugo yake isiingie msituni hadi miche ipate nguvu, wanafanya kazi ambayo sheria ya nchi yoyote kati ya hizo mbili haiwezi kuifanya peke yake.