Dagaa wa Chisenga na Fedha za Utafiti

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tunapokula ugali wa mchana kiwandani au shambani, kitoweo ni dagaa. Katika miji ya migodi ya Zambia, na ng'ambo huko Lubumbashi, baadhi ya dagaa hao ni chisense wa Ziwa Mweru. Huvuliwa usiku kwa taa, asubuhi wakaanikwa. Huko kisiwani Chisenga, wilaya ya Nchelenge, kama penginepo kando ya ziwa, kazi ya kuanika ni ya akina mama zaidi, na kiwanda chao ni mchanga na jua.

Mvua zikianza Novemba, kiwanda hicho hufungwa bila taarifa. Dagaa waliolowa siku mbili huota ukungu, huvunjika, na bei huanguka. Mama aliyekopa ili anunue samaki kwa wavuvi hubaki na deni na gunia la chakula cha kuku.

Je, dawa haipo? Ipo. Katikati ya miaka ya 2010, katika bonde la Barotse, magharibi ya Zambia, Idara ya Uvuvi, Chuo Kikuu cha Zambia na shirika la WorldFish walijaribu pamoja na wavuvi na wachuuzi njia za kupunguza hasara: kutia chumvi, majiko bora ya kubanikia, na hema la kukaushia kwa jua. Hema hilo ni fito, plastiki na chanja ndani yake. Joto hubaki ndani, mvua na nzi hubaki nje. Seremala wa kijijini aweza kulijenga. Lakini nani alilipia utafiti huo? Kanada na Australia. Na hali nchi za Afrika zilikubaliana katika Mpango wa Lagos wa 1980 kutenga asilimia 1 ya pato lao kwa sayansi!

Wala fedha za serikali hazikosekani kabisa. Mfuko wa Maendeleo ya Majimbo ya Zambia ulipanda kutoka kwacha milioni 1.6 kwa kila jimbo mwaka 2021 hadi milioni 25.7 mwaka 2022, na sehemu moja ya tano ikatengwa kwa ajili ya akina mama, vijana na vikundi. Nchelenge penyewe pana watafiti wa uvuvi. Kilichobaki ni kuwakutanisha.

Marekani ilitunga mpango wa namna hiyo mwaka 1992. Biashara ndogo na chuo huomba fedha pamoja: biashara ifanye angalau asilimia 40 ya kazi, chuo angalau 30, na haki za uvumbuzi ziandikwe mapema. Hatusemi tuige kila kitu cha wakubwa. Ila hapo kwenye kuandika mapema pana busara, maana tumekwisha ona vikundi vikipigwa picha na wataalamu, kisha mashine ikaondoka na gari lililoileta.

Nasi twaongeza jambo moja: kibarua. Mvuvi wa kuajiriwa na binti anayegeuza dagaa juani nao watajwe katika mkataba, pamoja na ujira wao. Twayaomba matawi yetu ya Luapula yakae na vikundi vya waanikaji kabla ya Novemba, ili maombi yao yafike jimboni yakiwa na jina la mtafiti na hesabu ya plastiki.