MTAMBUE NYOKA WAKO KABLA HUJAMLISHA

Kijana mmoja wa Nyundo, wilayani Rubavu, si mbali na mto Sebeya, alikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda chake. Alilitoboa matundu ya hewa kwa msumari wa moto, na ndani yake akamweka nyoka mnene aliyepewa na utingo wa lori lililotoka misitu ya Walikale, ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo. Utingo alimwambia, "Huyu ni boa. Hana sumu." Kwa muda wa wiki tatu kijana alimwekea nyoka huyo maziwa katika kisahani, akamwekea nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa, akamwekea hata ugali. Nyoka hakugusa kitu. Ndipo kijana alipoanza kuuliza majirani: Je, boa hula nini? Jirani mmoja akamshauri ampe sungura mchanga, tena kwa mkono, apate kuzoeana naye.

Mwandishi wa makala haya alifika nyumbani hapo mchana wa siku ambayo sungura alikuwa amekwisha nunuliwa. Vijijini askari huitwa kwa kila jambo lenye kutisha, hata lile ambalo si kazi yake. Tulikiinua kifuniko kwa fimbo ndefu. Ndani ya sanduku hamkuwa na boa, wala hamkuwa na chatu. Alikuwamo kifutu wa Gaboni, nyoka wa misituni mwenye meno ya sumu marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote duniani, yawezayo kufikia urefu wa sentimita 5. Katika chumba hicho hicho walilala wadogo watatu wa yule kijana.

Ndugu msomaji, swali la kijana huyu lilikuwa swali jema, ila lilikuja kabla ya wakati wake. Katika chuo cha kadeti, miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo kuruta hufundishwa ni kwamba hapana ruhusa ya kufyatua risasi kabla ya kumtambua aliye mbele yako. Kanuni hiyo inamfaa pia mwenye kufuga nyoka. Kabla ya kuuliza nyoka huyu hula nini, hapana budi kuuliza kwanza: Nyoka huyu ni nani?

JINA MOJA, NYOKA WENGI

Chanzo cha kosa ni jina lenyewe. Katika nchi zetu zilizozoea Kifaransa, watu wengi humwita boa nyoka yeyote mkubwa. Boa halisi, ambaye Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, alimwandika kwa jina la Boa constrictor mwaka 1758, ni nyoka wa bara la Amerika. Haishi porini popote katika Afrika. Nyoka mkubwa wetu sisi ni chatu, ambaye Wanyarwanda humwita uruziramire. Hapa Rwanda hupenda zaidi mabonde ya joto yenye maji, kama yale ya Akagera, kuliko vilima vya baridi vya magharibi. Kwa kawaida urefu wake huwa kati ya mita 3 na 5.

Boa na chatu wanafanana kwa kuwa wote hawana sumu, na wote huua kwa kujiviringisha na kukaza. Watu wengi hudhani kwamba mnyama hufa kwa kukosa pumzi. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha Dickinson, nchini Marekani, walionyesha kwamba boa anapomkaza panya, kinachosimama kwanza ni mzunguko wa damu. Tofauti yao kubwa ni katika kuzaa: boa wa Amerika huzaa watoto hai, lakini chatu hutaga mayai, akajizungusha juu yake mpaka yaanguliwe. Tunao jamaa wa boa hapa kwetu Afrika Mashariki, yule mdogo wa mchangani anayepatikana katika sehemu kavu za Kenya na kaskazini ya Tanzania. Mara nyingi huyo hafikii hata mita moja.

MTEGO WA UPOLE

"Lakini, afande," kijana alisema, "mimi nimemgusa mara nyingi, naye hakufanya lolote."

Alisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyokaribia kumwangamiza. Hapo zamani aliishi kusini mwa Tanganyika Mwingereza mmoja mwenye asili ya Kigiriki, C. J. P. Ionides, aliyezaliwa mwaka 1901 na kufariki mwaka 1968. Alikuwa mwanajeshi aliyefunzwa Sandhurst, akatumikia katika kikosi cha KAR, kisha akawa bwana nyama huko Liwale na mshika nyoka aliyejulikana duniani. Yeye alieleza kwamba alipotaka kumkamata kifutu wa Gaboni, alimgusa kwanza kichwani kwa koleo, polepole, aone kama atakasirika. Mara nyingi nyoka hakukasirika, na Ionides akaweka koleo kando, akamwinua kwa mikono yake. Hao ndio vifutu wa Gaboni: hulala kimya juu ya majani makavu saa nyingi, wakingoja mawindo. Lakini kiumbe chenye joto kinapopita mbele yao wakati wa njaa, huruka na kuuma kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Na kijana wetu alikuwa amekusudia kupeleka mbele ya kinywa hicho sungura mwenye joto, na pamoja naye vidole vyake mwenyewe.

ALAMA ZA KUMTAMBUA

Kijana alitoa simu yake akatuonyesha picha ya boa wa Amerika: mabaka ya kahawia mgongoni, na mstari mwembamba wa giza uliopita katikati ya kichwa tangu puani hadi kisogoni. "Tazama, afande, mstari ni huu huu." Ni kweli, kifutu wa Gaboni naye anao mstari kama huo. Ndiyo sababu alama moja haitoshi. Zitazamwe zote kwa pamoja, na zitazamwe kwa mbali.

Kwanza ni umbo. Kifutu ni mnene mno kwa urefu wake, na mkia wake hukatika ghafla. Chatu mchanga mwenye urefu huo huo ni mwembamba, na mwili wake hupungua taratibu mpaka ncha ya mkia.

Pili ni kichwa. Kichwa cha kifutu wa Gaboni ni kipana kama jani kavu, tena kina rangi ya jani kavu, kimekaa juu ya shingo nyembamba, na baina ya matundu ya pua huwa na vijipembe vidogo. Kichwa cha chatu kina alama ya giza iliyo mfano wa ncha ya mkuki, imepakana na mistari miwili myeupe ipitayo juu ya macho. Midomoni chatu ana vishimo ambavyo kwavyo huhisi joto la mawindo. Boa wa Amerika hana vishimo vya kuonekana.

Tatu ni magamba. Gamba la kifutu lina mgongo katikati, hivyo ngozi yake huonekana kavu isiyong'aa. Magamba ya chatu na ya boa ni laini, nayo hung'aa penye mwanga.

Ziko pia alama ambazo watu huzitegemea nazo hazifai. Mboni ya jicho iliyosimama wima kama ya paka haithibitishi sumu, kwa maana chatu naye anayo. Kichwa cha pembe tatu hakithibitishi kitu. Boa na chatu wana vikucha viwili vidogo karibu na tundu la haja, ambavyo kifutu hana. Lakini atakayemgeuza nyoka asiyemjua ili atafute vikucha, huyo ametafuta msiba wake. Ukiwa na shaka, piga picha ukiwa mbali, umpelekee mjuzi. Mpaka ajibu, mhesabu nyoka huyo kuwa ana sumu.

CHAKULA NA JOTO

Sasa tulijibu swali la kijana, kwa faida ya wale ambao sheria imewaruhusu: watunzaji wa bustani za nyoka kama ile ya Nairobi, na ndugu zetu walioko ng'ambo ambao hufuga boa au chatu kwa kibali.

Boa na chatu hula mnyama mzima, pamoja na mifupa, manyoya na matumbo yake. Nyama tupu ya ng'ombe haina madini yaliyomo katika mifupa, na nyoka aliyelishwa hiyo peke yake hudhoofika. Maziwa si chakula cha nyoka yeyote, ingawa hadithi zinasema vingine. Anachohitaji ni maji safi kila siku. Ugali tuwaachie wenyewe.

Kipimo cha chakula ni unene wa nyoka mwenyewe: mnyama asizidi sana sehemu iliyo nene kuliko zote ya mwili wake. Mchanga hupewa kipanya kimoja kila baada ya siku 7 hadi 10. Anayekua hupewa panya mkubwa kila baada ya wiki 2 hivi. Aliyekomaa hutosheka na panya mkubwa au sungura mmoja kwa wiki 4 au zaidi. Kumshindilia chakula si kumpenda, kwa kuwa mafuta humharibu ini na kufupisha maisha yake.

Mnyama wa kulishwa awe amekwisha uawa. Panya aliye hai akifungiwa pamoja na nyoka asiye na njaa humtafuna nyoka huyo mpaka mifupa ionekane. Wala asitumiwe panya aliyenaswa nyumbani, kwani huenda amekula sumu. Chakula kishikwe kwa koleo refu, kamwe si kwa mkono, na mlishaji anawe kwanza harufu ya mnyama aliyemshika. Kwa nyoka aliyezidi mita 2 na nusu, mlishaji asiwe peke yake.

Jambo ambalo wengi husahau ni joto. Nyoka hana moto wa ndani kama sisi. Tumbo lake hufanya kazi kwa joto la mahali alipo. Upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi, na upande wa pili uwe na 25 hivi, apate kuchagua. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Nyundo iko juu zaidi. Usiku wa hapa una baridi. Boa au chatu aliyetolewa nchi ya joto akawekwa chumba cha baridi hukataa chakula, na akila, chakula huoza tumboni akakitapika. Baada ya mlo asishikwe kwa siku 2 au zaidi. Katika muda huo mwili wake wote umo kazini: kwa chatu wa Burma, wataalamu wamepima moyo ukiongezeka uzito kwa asilimia 40 ndani ya siku 2 baada ya kula. Macho yakiingia ukungu, anakaribia kujivua gamba. Asilishwe mpaka amalize.

SI MCHEZO

Wako wafugaji wa nyoka hapa Afrika Mashariki ambao ufundi wao ni wa kurithishana. Kule Usukumani, mkoani Mwanza, chama cha Bayeye hucheza ngoma na chatu mbele ya umati. Lakini kwao elimu ya nyoka na dawa zake hutolewa na mkubwa kumpa mdogo, wala haiokotwi kwa utingo barabarani.

Hata asiye na sumu aweza kuua. Mwezi wa Agosti mwaka 2013, mjini Campbellton nchini Kanada, chatu wa jamii hii yetu ya Afrika alitoroka usiku kutoka kizimbani, akawaua watoto wawili ndugu waliokuwa wamelala. Kuhusu wenye sumu, Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Aliyeumwa alazwe, asitembee. Kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Avuliwe pete na bangili. Apelekwe hospitali upesi. Asichanjwe, asifungwe kamba, asinyonywe jeraha, wala asicheleweshwe kwa kubandikwa jiwe jeusi.

Isitoshe, iko sheria. Boa wote na chatu wote wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Rwanda, Kongo, Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi ni wanachama wa mkataba huo. Kumvusha nyoka wa namna hiyo mpakani ndani ya gunia bila kibali ni kosa, awe amenunuliwa au ametolewa bure.

Sanduku la Nyundo lilipigiliwa mbao ya pili, likatolewa nje ya nyumba, likalindwa usiku kucha, na asubuhi maofisa wa wanyamapori wakalichukua. Kijana hakulaumiwa sana, kwa kuwa aliuliza kabla ya kutenda, na kuuliza huko ndiko kulikomponya. Sungura alibaki. Tulipoagana, wale wadogo watatu walikuwa wamekwisha mkatia majani, nao hawakuwa na haja ya kumwuliza mtu yeyote mnyama huyo hula nini.