Baridi ya Ughaibuni (Sehemu ya Pili): Nguo, Jiko na Giza

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini Minneapolis, mji wa Marekani ulio karibu kabisa na latitudo ya 45 kaskazini, huganda miezi mingi ya mwaka. Leo tumtazame mgeni mwenyewe: Mkenya au Mtanzania aliyefika Agosti, akakuta jua kali, akadhani habari za theluji zimetiwa chumvi.

Tuanze na nguo. Wengi hununua koti moja zito na kulivaa juu ya fulana ya pamba. Koti halina joto lake lenyewe. Joto linatoka mwilini, na kazi ya nguo ni kuishika hewa iliyokwisha kupashwa isitoroke. Kwa hiyo nguo tatu nyepesi, zenye hewa katikati, humfaa mtu kuliko koti moja zito. Pamba nayo hunywa jasho na kukaa nalo. Ukimbilie basi, likuache, usimame kituoni. Fulana iliyolowa inakuganda mgongoni na kukunyonya joto. Ndani vaa sufu au poliesta, nje kitu kisichopitisha upepo. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 24 kwa saa unatosha kuigandisha ngozi iliyo wazi ndani ya nusu saa hivi. Masikio, pua na vidole hutangulia. Vikifa ganzi ingia ndani, uvitie kwenye maji ya uvuguvugu. Usivisugue wala kuviotesha moto.

Lakini jambo linalonikosesha usingizi ni jiko la mkaa. Kila Juni na Julai, kutoka Njombe hadi Limuru, tunazika watu waliolala na jiko chumbani. Mazoea hayo hupanda ndege pamoja nasi. Desemba 2006 tufani kubwa ilikata umeme eneo la Seattle, na familia nyingi, zikiwemo za wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, zikawasha mkaa ndani ya nyumba. Wengi walikimbizwa hospitalini, na wapo waliokufa. Gazeti la Seattle Times lililazimika kuchapa onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa, Kisomali ikiwa mojawapo.

Mkaa ukiungua huzalisha kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hemoglobini, inayobeba oksijeni katika damu, huishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Basi mtu anapumua kama kawaida, na mwili unakosa hewa. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, usingizi mzito unafuata. Kule madirisha hufungwa barabara ili joto lisitoke, kwa hiyo gesi haina pa kupitia. Jiko la gesi la kupikia lisigeuzwe hita, na gari lisipashwe moto ndani ya gereji. Sheria ya Minnesota, jimbo ulimo mji wa Minneapolis, inataka kengele ya gesi hii iwepo ndani ya mita 3 hivi kutoka kila chumba cha kulala. Ukihamia nyumba mpya, itafute siku hiyohiyo, ubonyeze kitufe chake uisikie ikilia.

Wengi huwasha mkaa kwa kuogopa bili. Wajue kwamba jimbo hilo lina kanuni inayomlinda mteja wa nyumbani asikatiwe joto kati ya Oktoba 1 na Aprili 30, mradi awasiliane na kampuni, wakubaliane namna ya kulipa, naye atimize ahadi. Anayeona aibu kupiga simu hapati kinga hiyo.

Kisha kuna giza. Mwishoni mwa Desemba jua la Minneapolis huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama saa 10 na nusu jioni. Ndugu zetu wanaohudumia wazee zamu za usiku hulala mchana, na siku kadhaa hupita hawajaliona jua. Daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini, alipohamia New York aliona nguvu zake zinapungua kila majira ya baridi. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakauelezea rasmi ugonjwa wa huzuni ya msimu. Tiba mojawapo ni kukaa asubuhi, kama nusu saa, mbele ya taa maalumu ya luksi 10,000. Ngozi nyeusi pia hutengeneza vitamini D kwa shida chini ya jua hafifu, kwa hiyo ni busara kumwomba daktari akupime.

Nanyi wazazi mlioko nyumbani, mtoto akiwa kimya Januari nzima msiharakishe kusema ametusahau. Mpigieni. Mwulizeni amelala saa ngapi, amekula nini, na mara ya mwisho kutoka nje mchana ilikuwa lini. Akijibu kwamba hana hamu ya chochote wiki ya pili sasa, mwambieni aende kwa daktari, na mpigieni tena kesho yake kuuliza kama amekwenda.

Wiki ijayo: kuendesha gari juu ya barafu.